Miwani ya VR kwenye karakana ya uchomeleaji: tuiweke wapi kwenye ratiba?

Mwalimu wa Zamu (Temeke)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya walimu wa ufundi, mafundi wenyewe, na yeyote aliyewahi kuvaa hayo madude kwa kazi na si kwa gemu.

Nafundisha uchomeleaji na uundaji wa vyuma kwenye chuo kimoja cha ufundi upande huu wa Temeke. Kuna mdau ametuahidi miwani ya uhalisia pepe, ile ya VR inayofunika uso mzima, pamoja na programu ya kufundishia kuchomelea. Bado haijafika, lakini vikao vimeshaanza. Mkuu wangu wa idara amepiga hesabu zake: muhula wa kwanza vijana wakae darasani na miwani, rodi, yaani vile vijiti vya kuchomelea, zibaki stoo, karakana wataiona muhula wa pili. Na kwa kuwa miwani haili bamba wala umeme wa kutisha, basi udahili tuupandishe.

Mimi miwani naitaka. Ila nahisi tunataka kuipa kazi isiyo yake, na nikirudi kikaoni nataka niwe na hoja, nisionekane yule mzee wa "zamani hatukuwa na hivi".

Niwape picha ya karakana. Vijana ni arobaini na kitu, mashine zinazofanya kazi ni sita, na mojawapo holda yake, kile kishikio cha rodi, imelegea mpaka tumeifunga kwa waya. Mmoja akiwa anachoma, nyuma yake wamesimama sita au saba wamegeuza shingo, kwa sababu ngao hazitoshi, na mwanga ule ukiutazama kwa macho matupu utaamka usiku wa manane ukidhani umemwagiwa mchanga machoni. Kwa hiyo hao wanaosubiri hawaoni kitu. Wanasikia mlio, wananusa moshi, halafu wanarudi kwenye mjadala wa Simba na Yanga. Ikifika saa sita mchana mtu kachoma rodi mbili, labda tatu, na jioni anapanda daladala la Mbagala akiamini ameshinda chuoni akijifunza.

Na mimi mwalimu nina ninachokikosa. Nikisimama pembeni na ngao yangu, naona mwanga na kivuli cha mkono, basi. Pembe ya rodi naikisia. Kijana akimaliza nagonga slagi, lile ganda linaloganda juu ya mshono, napiga brashi ya waya, ndipo nasoma kilichotokea: hapa alikimbia, hapa aliinua mkono, hapa alisimama akifikiria. Namwambia wakati mkono wake umeshasahau ulivyofanya.

Kwa wasiochomelea niwaeleze kidogo, maana ugumu wote wa wiki za mwanzo uko hapa. Rodi ya milimita 2.5 ikiwaka inaisha, inazidi kuwa fupi. Mkono inabidi ushuke taratibu ukiifuata, huku unasogea kwa mwendo uleule, huku umeilaza kwenye nyuzi 70 hadi 80 hivi kutoka kwenye bamba, huku umeacha mwanya usiozidi unene wa rodi yenyewe. Mwanya ukizidi, cheche zinaruka kila upande na mshono unatoka mpana, bapa, hauna nguvu. Ukipungua, rodi inanasa. Na kijana ikimnasa, badala ya kuipinda pembeni iachie, anavuta kwa hasira mpaka ganda la rodi linapukutika lote. Rodi hiyo tena basi.

Mashine za kuigiza zilizoundwa mahsusi kwa uchomeleaji zinapima hivyo hivyo vitu: pembe, mwanya, mwendo, na kama umebaki kwenye mstari. Ukimaliza inakurudishia mshono wako na kukuonyesha mahali mkono ulipopanda. Hicho siwezi kumpa kijana hata nikikesha naye.

Wazo langu basi ni hili: miwani iende kwa wale waliosimama nyuma, si kwa aliye kwenye mashine. Rodi isipungue hata moja. Foleni ndiyo tuiguse.

Sasa maswali. Mwanafunzi aanze na moto au aanze na miwani? Akae nayo muda gani kwa mkupuo? Na kwa joto hili la Dar, kitu cha kufunga usoni kitavumilika kweli? Mwenye uzoefu anisaidie, kikao kinakuja.

Fundi Keko

Mwalimu, salama. Mimi nina banda langu Keko, vijana wa vyuo wananijia kwa mafunzo kazini kila mwaka, hivyo hili linanihusu kuliko unavyodhani.

Sipingi miwani. Ila uliza hiyo programu inafundisha kuchomelea nini. Nina hakika watakuletea bamba nene, milimita 6, milimita 10, limelala mezani vizuri. Kazi ya mtaani ni skwea paipu nyembamba ya geti na grili, milimita moja na kidogo. Hapo kijana wa chuo anafika na mshono mzuri wa kwenye bamba, anagusa paipu mara moja tu, tundu! Anajaza tundu, linapanuka. Anajaza tena. Mteja anasimama anatazama. Chuma chembamba unakichoma kwa kudonoa, unagusa unaachia, unaangalia wekundu unavyopoa, ndipo unarudi. Kama programu ina paipu nyembamba, nunueni. Kama haina, ni nusu ya kazi.

Halafu kuna umeme. Huku kwetu jioni watu wakirudi nyumbani umeme unalegea. Unapandisha moto kwenye mashine upate kuchoma, ghafla nguvu inarudi na kile ulichokuwa unaunga unakikata. Fundi anajua kwa sikio kabla hata hajaona: moto ukiwa sawa unalia mlio mmoja wa kukaanga, ukiwa dhaifu unakohoa. Kwenye miwani moto hauyumbi.

Na bomba la mabati. Ukilichoma lile la zinki bila kukwangua, unatoka moshi mweupe, jioni unatetemeka kwa baridi na homa utadhani malaria. Kesho yake umepona. Wenzetu wanakunywa maziwa wanasema ndiyo dawa, mimi nasema kwangua zinki na fungua mlango. Haya nayo yafundisheni, miwani isije ikawafanya vijana wakadhani moshi ni picha.

Mwalimu wa Zamu

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya paipu nyembamba haikuwa kichwani mwangu kabisa, naiandika sasa hivi. Nitauliza kabla hatujasaini chochote.

kijana_wa_Yombo

Kwa hiyo mkuu wa idara anataka kutuletea mafundi wa PlayStation 😂😂 Geti likianguka tunabonyeza kuanza upya.

Mtu wa Nyaya

Mimi siyo mchomeleaji, kazi yangu ni kutunza vifaa vya kompyuta, na miwani hii nimewahi kuilea kwenye ofisi moja hapa mjini. Mwalimu, ualimu sitakufundisha, nakupa yale yatakayokuua baada ya mwezi.

Kwanza, isikae karakana. Vumbi la grinda ni chuma, linaingia kila tundu, na lenzi za miwani hii ni za plastiki, zinachunika kwa kufutwa na fulana tu. Tafuteni chumba cha pembeni chenye feni, chenye mlango unaofungwa. Na jua! Hili watu hawaliamini mpaka liwakute. Ukiiacha juu ya meza karibu na dirisha huku lenzi zinatazama nje, jua linapita kwenye lenzi na kuunguza kioo cha ndani. Doa halitoki tena. Kwa jua la Dar halihitaji mchana mzima. Ikivuliwa irudi kwenye boksi, siyo kwenye benchi.

Chaji: hizi zinazojitegemea bila kompyuta hukaa saa mbili hivi, zaidi kidogo au pungufu kutegemea programu. Kwa hiyo asubuhi moja ukizipanga zote kwa pamoja, saa nne na nusu zote zimezima na una vijana wanaokutazama. Wape zamu, nyingine zikiwa kwenye chaja. Kuna masasisho pia. Yanajishusha bila kukuuliza na kumaliza bando la ofisi nzima, hivyo yafanyike usiku au Jumamosi.

Jasho ni kweli. Lile sifongo la usoni linakunywa jasho la watu kumi kwa siku moja. Nunueni vifuniko vya ngozi bandia vinavyofutika, na kila anayevua afute kabla hajampa mwenzake. Mnakumbuka Januari 2024 macho mekundu yalivyozunguka Dar? Siku yakirudi, miwani yote inafungiwa kabatini, hakuna mjadala.

Muda kwa mkupuo: dakika kumi hadi kumi na tano kwa anayeanza. Macho yakiona unasogea na sikio la ndani likisema umetulia, tumbo linachafuka. Uchomeleaji una unafuu kwa sababu mtu amesimama mahali pamoja na picha haikimbii, lakini atakayesema anasikia kichefuchefu avue palepale, asijikaze kiume.

Na hili ndilo nadhani litakusaidia kwenye hiyo foleni yako: picha ya anachokiona mvaaji inaweza kurushwa kwenye TV. Mmoja anachoma, saba wanaangalia bila ngao na bila kuumia macho. Wewe umesimama na fimbo unaonyesha, "tazameni mwanya huo". Miwani moja yenye TV inaweza kukufaa kuliko miwani nne zisizo na TV.

Dada Grinda

Mtu wa Nyaya kaongea. Mimi ni mchomeleaji, nilisoma chuo kama hicho cha Mwalimu, na baadaye kiwanda kilichoniajiri kilikuwa na mashine ya kuigiza ya kuchomelea, siyo miwani mitupu. Nimepita pande zote mbili.

Kwanza foleni ya karakana siyo sawa kwa wote. Tulikuwa wasichana wachache. Zamu yako ikifika, kuna kaka anasema "niachie nimalizie hiki tu", na wewe unaachia. Siku ya kwanza rodi iliponinasa darasa zima lilicheka, na baada ya hapo nikawa nagusa bamba kama mwizi, moto hauwaki kwa mguso wa uoga. Kwenye mashine ya kuigiza nilikuwa peke yangu na makosa yangu. Nilirudia kuwasha moto mpaka nikachoka, hakuna aliyehesabu rodi wala aliyecheka. Kwa hilo tu ningeipigia kura.

Lakini Mwalimu, usiwaanzishie nayo. Wale waliotangulia kwenye mashine kabla hawajagusa moto walikuwa wanacheza alama. Kijana anagundua kwamba akibana kiwiko mbavuni na kutembea mdogomdogo namba zinapanda, anapata tisini na kitu, anapiga picha anaweka status. Mpeleke kwenye bamba: cheche ya kwanza ikiruka shingoni, mkono wote unapaa. Aliyekwishaunguzwa kidogo anaitumia mashine tofauti kabisa, anajua anachokitafuta mle ndani.

Mimi ningepanga hivi: wiki ya kwanza moto, kila mtu, hata kama ni mishono mibaya. Halafu miwani na moto vitembee pamoja, asubuhi hiki mchana kile. Na kila unapoingia aina mpya ya mshono, mfano wa kusimama au wa juu ya kichwa, miwani itangulie kidogo, kwa sababu wa juu ya kichwa hata fundi mkubwa anauogopa na chuma cha moto kinadondoka kwenye kola.

Tena angalia mtakachoshika. Kama ni zile rimoti za gemu, uzito wake siyo wa holda wala hakuna waya mzito unaovuta kiganja. Na rodi haipungui mkononi, yaani lile lile ulilosema ndilo gumu. Ile ya kiwandani fito lake, lile linaloigiza rodi, lilikuwa linajivuta ndani kadiri unavyochoma, mkono ukalazimika kushuka. Ulizeni hilo kabla ya yote.

Na wasichana wenye hijabu au rasta nene, mikanda ya kichwa irefushwe. Mtacheka, ila ndivyo vinavyomfanya mtu aseme "sitaki" na mwalimu akadhani ni mvivu.

Mhadhiri wa Pembeni

Nakuletea cha kikaoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, walilishughulikia jambo hili hili kwenye uchomeleaji. Mwaka 2011 walichapisha ulinganisho wa waliofundishwa kwa njia ya kawaida tu na waliogawiwa muda nusu kwa nusu, VR na moto halisi. Wa mchanganyiko walifanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya vyeti. Mwaka 2013 wakalinganisha mchanganyiko huo na VR tupu kwa asilimia 100. Kwa mishono rahisi na ya kati tofauti ilikuwa karibu haionekani. Kwenye mshono mgumu zaidi, VR tupu ikaanza kupwaya.

Kwa hiyo mkuu wako wa idara hajakosea kila kitu: kwa mishono ya mwanzo, muda mwingi wa VR hauharibu. Anapokosea ni kuifanya kisingizio cha kuongeza udahili huku mashine zikibaki sita, kwa sababu msongamano utakuwa umehamia muhula wa pili, wakati wa mishono migumu yenyewe. Mwulize tu: mtihani wa vitendo watafanyia kwenye miwani au kwenye bamba? Na anayetamani kazi za mabomba, kama lile la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, anajua kwamba huko anaulizwa 6G: bomba limefungwa kwa mlalo wa nyuzi 45, halizungushwi, wewe ndiye unayelizunguka. Kisha mshono unapigwa picha ya eksirei. Hakuna alama za gemu hapo.

Kreni Namba Moja

Naunga mkono, mimi ni wa kreni. Sisi mashine ya kuigiza siyo habari mpya, na marubani ndio kabisa. Edwin Link, Mmarekani, mtoto wa mwenye kiwanda cha vinanda, alitengeneza ndege ya kujifunzia chini mwaka 1929 kwa kutumia mivukuto ya kinanda, na Vita Kuu ya Pili wanafunzi wa urubani kwa maelfu wakapitia humo. Mpaka leo rubani hapewi abiria kwa saa za kuigiza peke yake.

Kilichonisaidia mimi kwenye kuigiza ni ajali. Upepo unapanda ghafla, kontena linaanza kuning'inia kama pendulamu, breki inagoma. Hayo huwezi kuyafanyia mazoezi kwenye kreni halisi, utaua mtu. Mwalimu, tafuta kama programu yako ina hatari ndani: chupa ya gesi inayovuja, ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye mashine) iliyofungwa vibaya, kitambaa chenye mafuta karibu na cheche. Mambo ambayo karakana yako haiwezi kuyaonyesha kwa makusudi. Kama haina, basi imeacha kitu kizuri mlangoni.

Mwalimu wa Zamu

Ahsanteni sana wote, nimepata zaidi ya nilichokuja nacho. Ninakwenda na pendekezo hili: wiki ya kwanza moto kwa kila mmoja. Kuanzia ya pili, darasa linagawanyika, nusu karakana, nusu chumba cha pembeni, wanabadilishana saa nne. Karakana kila mashine inabaki na watu watatu au wanne badala ya saba. Miwani inafungua kila aina mpya ya mshono, rodi zinabaki palepale. Kwa mdau nitapeleka maswali matatu: skwea paipu nyembamba ipo, fito linajivuta, hatari zimo? Udahili nitauacha mwisho wa kikao, watu wakiwa na njaa.

Mkuu wa idara leo kanambia "mwalimu, wewe unapenda sana moshi". Nimemwacha.

Mtu wa Nyaya, ile ya kurusha picha inataka TV ya namna gani? Tuna moja ya zamani kidogo, iko ofisini kwa mhasibu, anaangalizia tamthilia.

Mtu wa Nyaya

Tazama nyuma kama ina tundu la HDMI. Kama lipo, unachomeka kile kidude cha kupokea picha bila waya, Kariakoo vimejaa. Miwani na kidude viwe kwenye waifai moja, na ukijaribu kwanza hakikisha picha haichelewi sana, maana vijana wataona mkono umeshafika mwisho wa bamba wakati TV bado iko katikati. Ikichelewa, sogeza ruta iingie chumba hicho hicho.

TV ya mhasibu muombe kwa maandishi, na barua mpelekee kabla tamthilia haijaanza.